Chuo Chini ya Uluguru: Miaka 40 ya Utafiti wa Sokoine

Tarehe 1 Julai 1984 Tanzania ilipata chuo kikuu chake cha pili, na safari hii kilikuwa chuo chenye jukumu moja: kilimo na ndugu zake wote, yaani mifugo, misitu, udongo, maji na viumbe wa porini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wengi wetu tunakiita SUA, kipo Morogoro, chini kabisa ya safu ya milima ya Uluguru, na Julai 2024 kilitimiza miaka 40. Kumbukumbu za aina hii kwa kawaida hujaa picha za majengo, majina ya wakuu na hesabu ya wahitimu. Hayo yana mahali pake. Mimi nimechagua kufuata utafiti, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mkulima wa Mbinga au wa Same, ambaye hajawahi kukanyaga Morogoro, ana haki ya kukidai.

Ukoo wa chuo hiki ni mrefu kuliko umri wake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, masomo yaligawanywa kati ya nchi tatu. Aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, aliyetaka udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi, na Dar es Salaam ilijulikana zaidi kwa sheria. Nchi ambayo karibu watu wake wote walikuwa wakulima na wafugaji haikuwa na mahali pa kusomesha mtaalamu wa shahada wa kilimo ndani ya mipaka yake. Mwaka 1965 Morogoro ikapata chuo cha kilimo cha ngazi ya stashahada, kazi yake kutoa mabwana shamba. Mwaka 1969 chuo hicho kikageuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara ya misitu ikaongezwa 1974, ya mifugo 1976, na jina la kitivo likazidi kurefuka hadi likawa Kitivo cha Kilimo, Misitu na Sayansi ya Mifugo. Kilikuwa kitivo kilicho umbali wa kilomita karibu 200 kutoka makao makuu yake, na kila aliyewahi kufanya kazi katika tawi anajua maana ya kusubiri idhini kutoka mbali.

Miaka hiyo ilikuwa ya kauli kubwa juu ya kilimo. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, na kauli ya Siasa ni Kilimo ikafuata Iringa mwaka 1972. Mkulima alisifiwa jukwaani, kisha akaambiwa apande nini, kwa nafasi gani, na ahamie wapi. Watafiti wa Morogoro walizaliwa kitaaluma ndani ya hali hiyo, na nadhani haiwezekani kuelewa kazi yao bora bila kukumbuka jambo hilo.

Halafu ikaja Aprili 1984. Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, mwana wa wafugaji wa Kimaasai wa Monduli, alifariki tarehe 12 mwezi huo kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akisafiri kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45. Chini ya miezi mitatu baadaye kitivo cha Morogoro kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, kikapewa jina lake. Profesa Geoffrey Mmari akawa Makamu Mkuu wa kwanza. Hadi leo chuo huandaa kumbukizi ya Hayati Sokoine kila mwaka, kwa mihadhara na maonyesho, na wakulima hualikwa.

Sasa tuutazame mlima wenyewe, maana somo la kwanza la udongo lilikuwa likionekana dirishani.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya lazima, na asiyejitokeza alitozwa faini. Tatizo halikuwa uvivu kama ilivyodaiwa. Udongo wa miteremko mingi ya Uluguru ni mwembamba. Ukichimba ngazi, unaufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usio na kitu. Mkulima aliona mavuno yakishuka kwenye shamba lililookolewa na bwana shamba. Julai 1955 watu wa Matombo walisimama kupinga, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ule ukafa.

Februari 1970 mlima ukatoa somo jingine. Mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, na kuacha maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, ambao tayari walikuwa na mradi wa pamoja wa kupima mmomonyoko nchini, walikwenda kuyahesabu moja baada ya jingine. Paul Temple na Anders Rapp walionyesha kwamba karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye ardhi ya nyasi iliyopumzishwa. Yaliyoanzia ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Yaani mizizi ya miti ilishika kile ambacho matuta ya amri yasingeweza kushika. Kazi ile haikuwa ya SUA, ambayo haikuwapo bado, lakini ndiyo iliyoweka kipimo: kabla ya kumwambia mtu wa mlimani afanye nini, pima kwanza.

Kipimo hicho kilifuatwa vizuri zaidi mbali na Morogoro, kule Mbinga. Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali kwa njia yao inayoitwa ngolo. Mvua zikikaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatizana, ikafanya miraba juu ya mteremko mzima. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya nyasi. Panabaki shimo lililozungukwa na tuta pande nne, na ndani ya tuta kuna nyasi zinazooza na kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii na udongo. Yanatua shimoni, yanazama polepole, na tope linalotua nalo hurudishwa shambani msimu mwingine. Ukisimama ng'ambo ya bonde unauona mlima mzima umetobolewa kama sega la nyuki.

Kwa zaidi ya miaka mia moja njia hii ililisha watu wengi kwenye ardhi ambayo wataalamu wangeiita isiyofaa kulimwa. Watafiti wa SUA na wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa shirika la JICA la Japani, walianza kuichunguza katika miaka ya 1990. Waliuliza swali ambalo watangulizi wao hawakuliuliza: kwa nini inafanya kazi? Walipima maji, walipima udongo, wakakaa vijijini wakajifunza jinsi ardhi inavyogawanywa kwa ntambo, yaani kipande cha mlima kilicho kati ya vijito viwili na kinachoshikwa na ukoo. Mwaka 1999 kazi hiyo ikazaa Kituo cha SUA cha Maendeleo Endelevu Vijijini.

Kilichonivutia zaidi katika historia ya kituo hicho ni kilichotokea Kindimba. Watafiti walikwenda na mawazo ya udongo na misitu. Wanakijiji wakataka mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Mashine ikajengwa mtoni. Kamati ya kuisimamia ikapewa jina la sengu, desturi ya Wamatengo ya ukoo kula pamoja na kujadili mambo yao. Mashine ya maji inahitaji maji, na maji ya mto yanahitaji chanzo kilichofunikwa na miti. Kwa hiyo upandaji miti na utunzaji wa vyanzo, mambo ambayo watafiti walikuwa wakiyatamani tangu mwanzo, yakawa hoja ya wanakijiji wenyewe. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya 1955 na 1999. Kule watu walilazimishwa kulinda mlima kwa ajili ya mlima. Huku waliulizwa wanataka nini, na jibu lao likawarudisha kwenye mlima.

Kazi nyingine ya namna hiyo ilifanyika kwenye ukame. Maprofesa Nuhu Hatibu na Henry Mahoo, pamoja na kundi lao la utafiti wa udongo na maji, walitumia miaka mingi katika tambarare za Same, upande wa Makanya na Hedaru, na pia Maswa kwa Wasukuma. Ushauri wa kiserikali kwa maeneo makavu ulikuwa ule ule tangu ukoloni: limeni mtama, acheni mahindi. Wakulima hawakuacha mahindi, na huko Maswa walikuwa wakilima hata mpunga, zao la maji, katika nchi kavu. Watafiti walipochunguza walikuta kwamba watu hawa hawakuwa wakaidi. Waliyageuza maji ya mafuriko yanayoteremka kutoka milima ya Upare yaingie mashambani, na Wasukuma walikinga maji ya mvua kwenye majaluba, mashamba ya mpunga yenye kingo za udongo. Mvua ilikuwepo, ilikuwa ikipita tu. Kundi la Hatibu na Mahoo lilipima kiasi cha maji yanayokingwa, mavuno yanayoongezeka na kazi inayohitajika, na likatoa mwongozo wa kupanga uvunaji wa maji ya mvua kwa nchi nzima. Leo kila mtu anazungumzia uvunaji wa maji ya mvua. Wakati ule, kumwambia ofisa wa mipango kwamba nchi kavu ina maji ya kutosha yanayopotea lilikuwa jambo la kuhitaji vipimo mkononi.

Upande wa rutuba nitaugusa kidogo. Karibu na Ziwa Manyara, Minjingu, kuna mwamba wa fosfati. Profesa Johnson Semoka, Profesa Mnkeni na wenzao wa idara ya udongo walijaribu kwa miaka mingi kujua ni wapi unga wa mwamba ule unaweza kutumika moja kwa moja shambani bila kupitishwa kiwandani. Jibu lao linaeleweka na mkulima yeyote: kwenye udongo wenye tindikali unayeyuka na kulisha mmea, kwenye udongo usio na tindikali unalala tu. Kwa nchi inayoagiza mbolea nyingi kutoka nje kwa fedha za kigeni, jibu hilo lina thamani kubwa kuliko heshima iliyopewa.

Nimefika kwenye panya, na hapa sitaharakisha.

Kila mkulima wa mahindi Morogoro anamfahamu panya shamba. Unapanda leo, kesho unakuta vishimo vimefuatana kwenye mstari, kila kimoja mbegu imefukuliwa na kuliwa. Miaka mingine hasara ni ndogo. Miaka mingine panya hujaa mashambani kama waliomwagwa. Jike mmoja huzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo mmoja. Serikali ilikuwa ikisubiri panya wajae, kisha inagawa sumu, na sumu inafika wakati mbegu zimeshaliwa.

Katika miaka ya 1980 ulianza ushirikiano wa Watanzania na Wabelgiji juu ya panya, SUA na Chuo Kikuu cha Antwerp wakiwa katikati yake. Kwenye mashamba ya chuo watafiti walitega mitego usiku tatu mfululizo kila mwezi. Kila panya alipewa alama, akapimwa uzito, akaachiwa. Mwezi uliofuata wakategwa tena, wakahesabiwa waliorudi, wapya na waliopotea. Kazi hii inachosha na haina sifa. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe kwa panya aliyeachiwa huru. Lakini waliifanya mwaka baada ya mwaka, hadi Morogoro ikawa na mojawapo ya kumbukumbu ndefu kuliko zote Afrika za maisha ya panya wa shambani.

Kumbukumbu hiyo ilitoa jibu. Uzazi wa panya shamba hufuata mvua. Mvua za vuli zikiwa nyingi mwishoni mwa mwaka, nyasi huchipua mapema, majike huanza kuzaa mapema, na watoto wao nao hufikia umri wa kuzaa ndani ya msimu huo huo. Kizazi kimoja cha ziada ndicho kinachogeuza mwaka wa kawaida kuwa mwaka wa balaa. Maana yake ni kwamba mtu mwenye kipima mvua anaweza kuonya miezi kadhaa kabla panya hawajajaa. Herwig Leirs wa Antwerp na wenzake, Watanzania wakiwemo, walichapisha utabiri huo mwaka 1996, na mwaka 1997 uchambuzi wa takwimu za Morogoro ukatokea katika jarida la Nature. Panya wa mashamba yetu, waliotegwa na mafundi wa Morogoro, wakawa mfano ambao wanaikolojia wa dunia nzima wanausoma.

Kituo cha SUA cha Udhibiti wa Viumbe Waharibifu kilikua kutokana na kazi hiyo. Maprofesa Robert Machang'u, Rhodes Makundi, Apia Massawe, Loth Mulungu na wengine waliifanya Morogoro kuwa mahali ambapo mtu wa Ethiopia au wa Namibia anakuja kujifunza habari za panya. Hawakuishia kwenye mahindi. Wilaya ya Lushoto ilipigwa na tauni kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20, maelfu wakaugua na mamia wakafa. Profesa Bukheti Kilonzo na wenzake wa SUA walikuwa huko wakifuatilia panya na viroboto wao kijiji kwa kijiji. Mwaka 2009 ikatangazwa pia kwamba panya shamba wa Morogoro wana virusi vya jamii moja na Lassa, vikaitwa virusi vya Morogoro. Havijulikani kuambukiza binadamu. Hata hivyo ni vizuri kwamba sisi ndio tuliokuwa tukichunguza.

Kutoka kwenye ujuzi huo wa panya ndipo ikatokea kazi iliyolitangaza jina la Morogoro duniani. Mbelgiji Bart Weetjens alikuwa na wazo la kuwafundisha panya kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Shirika lake, APOPO, lilianza Ubelgiji mwaka 1997 na mwaka 2000 likahamia SUA, kwa kuwa hapa palikuwa na watu waliokwisha kuwafahamu panya kwa jina na tabia. Aliyechaguliwa ni panya buku, yule mkubwa mwenye mashavu ya kubebea chakula. Ana pua kali, anaishi miaka mingi kuliko panya wa kawaida, na uzito wake, karibu kilo moja na kidogo, hautoshi kulipua bomu. Hufundishwa tangu mdogo kuhusisha mlio mdogo na kipande cha ndizi, kisha kutafuta harufu ya baruti, na mafunzo huchukua miezi karibu tisa. Akiinusa, anakwaruza ardhi.

Panya waliofundishwa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa huru na mabomu hayo mwaka 2015, na baadaye Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, aligundua mabomu 71 na silaha nyingine 38 zisizolipuka huko Kambodia. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamtunuku nishani ya dhahabu, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alifariki Januari 2022. Tangu 2007 panya wengine hunusa makohozi ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika zisizozidi 20, na zile anazozionyesha hurudiwa maabara. Wapo watu katika nchi hii waliokwisha kuambiwa hawana kifua kikuu, panya akasema wanacho, maabara ikathibitisha, wakatibiwa.

Ninapenda kisa hiki kwa mpangilio wake. Hakuna aliyeamka siku moja na kubuni panya shujaa. Kwanza walikuwepo watu waliohesabu panya waharibifu kwa miaka, wakakusanya ujuzi ambao haukuwa na matumizi mengine dhahiri. Wageni walipofika na wazo, walikuta nyumba ina wenyewe.

Maharage yalipitia njia ngumu kidogo. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, ulioanza miaka ya 1980, watafiti wa SUA walitoa aina mpya: SUA 90 ilikuja mwaka 1990, baadaye Rojo, kisha Mshindi na Pesa. Zilivumilia magonjwa ya majani na zilizaa vizuri. Lakini harage huliwa kabla halijasifiwa. Mama anayepika anataka kujua litaiva kwa kuni kiasi gani, mchuzi wake utakuwa mzito au maji, na kama sokoni litanunuliwa. Watu waliendelea kuipenda Kablanketi yao hata inaposhambuliwa na magonjwa na bungua. Watafiti, akiwemo Profesa Susan Nchimbi-Msolla, walizingatia hilo, wakaanza kuhangaika kuingiza ukinzani ndani ya mbegu ambazo watu tayari wanazipenda, badala ya kuwataka watu wapende mbegu nyingine. Huo ni unyenyekevu wa kisayansi, nao unachukua misimu mingi.

Huko Mgeta, mahali pale pale pa maporomoko ya 1970, mwishoni mwa miaka ya 1980 SUA na Wanorwei walipeleka mbuzi wa maziwa wa Kinorwei. Baridi ya mlimani iliwafaa. Mbuzi anafugwa bandani, analishwa majani yanayopandwa kwenye kingo za shamba, na samadi yake inarudi kwenye mboga zinazoteremshwa hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Mizizi ya majani hayo inashika ile miteremko. Familia ambazo zisingeweza kununua ng'ombe zikaanza kunywa na kuuza maziwa.

Misitu ya chuo ni hazina ambayo wananchi wengi hawaijui. Kuna Olmotonyi kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako wanafunzi hujifunza kupanda na kuvuna. Kuna Mazumbai katika Usambara Magharibi, msitu wa asili uliowahi kumilikiwa na familia ya Waswisi wenye shamba la chai. Na kuna Kitulangalo, miombo iliyo kando ya barabara ya Dar es Salaam, inayokabiliana na mkaa kila siku. Hapo Kitulangalo Profesa Rogers Malimbwi, Eliakimu Zahabu na wenzao walifanya jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: waliwafundisha wanakijiji kupima kaboni ya msitu wao wenyewe, kwa kupima unene wa miti na kuandika. Vipimo vya wanakijiji vilikaribiana na vya wataalamu, na gharama yake ilikuwa ndogo. Leo Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kiko SUA, na nafasi hiyo ilitafutwa kwa futi kamba porini.

Katika samaki chuo kilichelewa. Nchi yenye Victoria, Tanganyika na Nyasa, na pwani ndefu, ilitegemea zaidi wavuvi wake kuliko vitabu, na elimu ya bahari ilikaa Dar es Salaam na Zanzibar. SUA imejikita kwenye mabwawa: sato na kambare, chakula cha kuwalisha kinachotokana na vitu vya hapa hapa, na bwawa linalounganishwa na banda la kuku na bustani ya mboga. Ni kazi njema, ila bado ni changa, na mahitaji ya samaki yanaongezeka haraka kuliko mabwawa.

Siwezi kupita Mazimbu bila kutaja. Kampasi ya pili ya chuo, inayoitwa Solomon Mahlangu, ilijengwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini kwenye shamba la zamani la mkonge walilopewa na Tanzania. Shule ya ANC iliendeshwa hapo tangu 1978, ikaitwa kwa jina la kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992, wenyewe wakirudi kwao, waliikabidhi Tanzania, na SUA ikarithi madarasa, nyumba na makaburi ya kuyatunza.

Ukisoma tena majina niliyoyataja utaona jambo. Panya walilipiwa na Wabelgiji. Mbuzi na sehemu kubwa ya utafiti wa miaka ya 2000 walilipiwa na Wanorwei. Ngolo ilichunguzwa kwa yeni za Wajapani, maharage kwa dola za Wamarekani. Nawashukuru wote, na sidhani waliitawala akili ya chuo. Ila mradi una tarehe ya kuanza na ya kwisha, na panya, udongo na miti havina. Kazi bora za SUA ni zile ambazo watafiti waliweza kwa ujanja wao kuunganisha mradi na mradi hadi kumbukumbu isikatike. Kwingineko imekatika: msaada ulipokwisha, vipimo vikasimama, na mtafiti aliyekuja baadaye akaanza upya kupima kile kilichokwisha kupimwa. Nchi za Afrika zilikubaliana zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na Tanzania nayo ikaahidi. Ahadi hiyo haijatimizwa.

Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1991, ipo hapo Morogoro na kazi yake ni kuhifadhi maandishi ya kilimo ya nchi nzima. Ofisa ugani, mwalimu wa shule ya kilimo au mkulima anayesoma haya anaweza kwenda kusoma, na aende. Kwa Wizara na kwa Bunge ombi ni la fedha, tena si nyingi: fungu la kudumu kwa vipimo vya muda mrefu, yaani mitego ya panya ya kila mwezi, vipima mvua vya Same na Maswa, mashamba ya majaribio ya mbegu na miti yenye namba ya Kitulangalo, fungu lisilosubiri mfadhili na lisilokatwa mwaka ukiwa mgumu. Bajeti ya serikali husomwa kila Juni. Fungu hilo lipewe mstari wake humo.